Sindano isiyoonekana na nguzo isiyokuwepo

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka niongelee kitu ninachokisomea, maana kila nikisema nasomea sanaa za maonyesho, swali huwa ni lile lile: "Aha, kwa hiyo tutakuona kwenye Bongo Movie?" Likishapita hilo linakuja la pili: "Na hiyo nayo inasomewa?" Mama yangu mzazi aliniuliza mbele ya wageni, tena sahani ya wali iko mkononi: hivi mwanangu, ada yote ile ni ya kwenda kujifunza kurukaruka?

Siku ile sikumjibu. Kwa kweli jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo, ila ni refu kidogo. Wewe unayehesabu dakika zako hapo kafe vumilia, nitajitahidi nisizunguke sana.

UGOMVI WA NGUZO

Mwaka wa pili tulipewa kazi ya vitendo. Kila kundi lichague sehemu ya tamthilia, liiandae, liioneshe mbele ya watu kabisa, sio mwalimu peke yake na kalamu yake. Kundi letu tulikuwa wasichana sita. Tukachagua Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotoka mwaka 1982. Kwa ambaye hajaisoma: wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha Nguzo Mama, nguzo yao. Kila wakikusanya nguvu linazuka jambo. Mara wivu, mara waume, mara fedha, mara maneno ya huku na huku. Ni kitabu cha miaka mingi lakini ukikisoma leo unaweza kudhani kimeandikwa juzi kuhusu kikundi cha vikoba cha mtaani kwenu.

Sasa akili zetu zikaenda wapi? Kwenye nguzo! Tukaenda kwa fundi seremala kumuulizia gogo zuri, refu, lililochongwa. Akataja bei, tukatazamana. Tukaandika barua chuoni. Tukajibiwa kwamba fungu la vifaa limekwisha. Tukaandika ya pili. Kimya. Wiki tatu zikakatika hatujafanya zoezi hata siku moja, na aliyekuwa anaongoza mgomo ni mimi. "Bila nguzo hatupandi jukwaani. Wakitufelisha shauri yao." Nilivyokuwa nasema ungedhani cheti kilikuwa cha kwao.

Wenzangu wawili wakaanza kuchoka na mimi. Mmoja akaniambia wazi kwamba yeye anasomeshwa na kaka yake anayeendesha bodaboda, akifeli hana wa kumlipia kurudia mwaka. Hatukusemeshana siku nne.

VIJANA WAWILI WALIOKUJA MIKONO MITUPU

Katikati ya balaa hilo mwalimu akaleta wageni darasani, vijana wawili waliomaliza miaka ya nyuma. Wakasema watatuonesha vipande vya Woza Albert! Tukatoka kwenye viti vya plastiki, tukakaa chini. Nikatafuta kwa macho mizigo yao. Hakuna. Walikuwa na masanduku mawili ya mbao, kama yale ya kuwekea soda zamani, na kamba yenye nguo kuukuu chache. Wenyewe vifua wazi, suruali za mazoezi, na shingoni kila mmoja ana uzi wenye kipande cha mpira kilichopakwa rangi ya pinki. Nikajisemea moyoni, hawa wamesahau vitu kwenye daladala.

Kumbe ndivyo tamthilia yenyewe inavyotaka. Niieleze kidogo. Woza Albert! ilitengenezwa Afrika Kusini na Percy Mtwa na Mbongeni Ngema, waigizaji weusi waliokutana kwenye onyesho la Gibson Kente lililoitwa Mama and the Load. Wakaungana na mwongozaji Barney Simon, na mwaka 1981 ikaoneshwa Market Theatre, Johannesburg, jengo ambalo kabla ya 1976 lilikuwa soko la matunda. Swali lake ni jepesi na zito kwa pamoja: je, Yesu akirudi duniani na akatua Afrika Kusini ya makaburu, itakuwaje? Wao wanamwita Morena. Makaburu kwanza wanafurahi, wanajisifu kwamba amechagua nchi yao. Akianza kuwasikiliza maskini wanamkamata.

Watu wawili tu ndio wanaoigiza nchi nzima. Askari, mfungwa, kinyozi wa barabarani, mama anayechakura jalala, mfyatua matofali, hata Fidel Castro. Kile kipande cha mpira ndiyo pua. Mwigizaji mweusi akikipachika puani, tayari ni Mzungu. Hakuna kupaka chaki usoni wala wigi la rangi ya mahindi. Na sisi watazamaji hatukuhitaji kuelezwa mara mbili. Dakika moja tu mtu anakimbizwa kwa sababu hana pasi (ile ambayo Kenya ya mkoloni iliitwa kipande), dakika inayofuata mtu huyo huyo kavuta pua juu, anadai pasi ya mwenzake.

Wakapanda treni. Treni gani? Masanduku mawili. Lakini magoti yao yalikuwa yanatetema kwa mdundo mmoja, mabega yanapigwa na kona ile ile, mmoja kasinzia kichwa kinadunda, na midomo yao ndiyo ilikuwa magurudumu. Mimi niliyekaa sakafuni nikajikuta nayumba nao.

Halafu ikaja ile ya sindano. Mzee hana meno, yuko peke yake, anataka kushona. Anatafuta sindano. Anaipata. Analamba uzi, anausokota kwa vidole, anafumba jicho moja, mkono unamtetemeka... anakosa tundu. Analamba tena. Anakosa tena. Hapo hapo anaongea kuhusu Morena na yatakayomkuta, polepole, kama mzee yeyote anayeongea huku kazi inaendelea. Hakukuwa na sindano. Hakukuwa na uzi. Darasa zima watu arobaini tulikuwa tumeshika pumzi tukisubiri uzi upite, na ulipopita mtu mmoja nyuma akasema "aaah" kwa sauti. Nikageuka kumtazama. Alikuwa yule mwenzangu tuliyenuniana.

Mwisho wa tamthilia yenyewe ni makaburini. Morena anaombwa awafufue mashujaa waliokufa wakipigania watu wao: Lilian Ngoyi, Robert Sobukwe, Steve Biko, na Albert Luthuli, yule kiongozi wa ANC aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960 na kufariki 1967. "Woza" ni Kizulu, ni kama kusema njoo, inuka. Vijana wale waliita majina hayo wakiwa wamesimama kwenye sakafu ya saruji, jasho linawatiririka. Nilijua fika kwamba mbele yao ni ubao wa kuandikia na feni mbovu. Bado nywele zilinisimama.

SASA INAFANYAJE KAZI?

Watu wakiona hivi husema "wana kipaji". Kipaji kipo, sikatai. Ila baada ya onyesho tuliwabana kwa maswali, na mwalimu akaendelea nalo wiki nzima, ndipo nikagundua kuna ufundi ambao mtu anaweza kujifunza kama anavyojifunza useremala. Nitawapa mambo matano, na mnaweza kuyajaribu hata nyumbani.

Kwanza, UZITO. Kitu kisichokuwepo hakina uzito, kwa hiyo mwili wako lazima uulete. Mtu aliyebeba ndoo ya maji mkono wa kulia haonekani kwa mkono wa kulia. Angalia mkono wa kushoto, umepanuka kwenda pembeni. Kiuno kimehama. Hatua zimekuwa fupi na za haraka. Shingo imekaza. Ukikunja ngumi tu na kutembea kama kawaida, hiyo ndoo ni tupu na kila mtu anaona.

Pili, KITU KIKAE PALE PALE. Ukifungua mlango wa kufikirika kitasa kikiwa usawa wa kiuno, ukirudi baada ya dakika kumi kitasa kiwe usawa huo huo. Mwanzoni mimi nilikuwa nafungua mlango kwa heshima zote, halafu nikitoka napita katikati ya ukuta. Watazamaji wanakumbuka nyumba uliyowajengea kuliko wewe mwenyewe.

Tatu, MACHO YATANGULIE. Kabla mkono haujashika kikombe, jicho limeshakiona, na vidole vimeshaanza kujiandaa kwa ukubwa wake. Na sisi tunakiona kikombe kwenye jicho lako kabla ya kukiona mkononi. Yule mzee wa sindano alishona kwa jicho.

Nne, PUMZI NA MDUNDO. Mkiwa wawili au kumi kwenye treni moja, treni inakuwepo kama mnapumua pamoja. Mmoja akichelewa nusu sekunde, treni inakatika mabehewa.

Tano, KUACHIA. Hili ndilo tunalisahau. Ukiweka mzigo chini mwili hurudi mahali pake: mabega yanashuka, pumzi inatoka, vidole vinafunguka taratibu maana vilikuwa vimekufa ganzi. Ukisahau kuachia, mzigo unabaki mkononi na mtazamaji anaona kitu kimekwama hewani.

Mbona haya mnayajua? Wote mmemwona Mr. Bean, yaani Rowan Atkinson, anavyohangaika na kitu kidogo dakika tano bila kusema neno, na kijiji kizima kinacheka bila kujua Kiingereza. Marehemu King Majuto, aliyetutoka mwaka 2018, alikuwa anaweza kuchekesha kwa mgongo tu, kabla hajageuka. Ni kazi ya aina hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba huku kwenye maigizo ya mwili kitu hicho hicho kinabebeshwa pia huzuni, historia, hata makaburi.

Huko Ulaya kuna waliolifanya somo kamili. Jacques Lecoq alifungua shule yake Paris mwaka 1956. Mpolandi Jerzy Grotowski aliandika kuhusu jumba la maigizo "maskini", akisema ukiondoa taa, muziki, mapambo na mavazi, bado igizo linabaki, lakini ukiondoa mwigizaji au mtazamaji, limekwisha. Kitabu chake kilitoka 1968, mwaka ule ule Mwingereza Peter Brook alipotoa The Empty Space, kuhusu jukwaa tupu. Mtwa na Ngema walivisoma vitabu hivyo. Na utamu wake ni huu: mwaka 1989 Peter Brook mwenyewe aliichukua Woza Albert! akaiongoza Paris kwa Kifaransa. Mwalimu akaenda kujifunza kwa wanafunzi.

KILA CHEPE LA MCHANGA

Hapo nikaanza kuuliza swali lingine. Kwa nini Afrika Kusini ndiko walikofanya hivi kwa ukali namna ile? Jibu nililipata kwenye tamthilia nyingine, The Island, ya Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona, iliyooneshwa mara ya kwanza Cape Town mwaka 1973.

Inaanza bila neno. Wafungwa wawili wako kisiwani Robben wanachota mchanga. Kila mmoja anajaza toroli lake, analisukuma hadi kwa mwenzake, anamwaga pale pale mwenzake anapochimba. Kwa hiyo shimo la huyu linajazwa na yule, na la yule linajazwa na huyu. Kazi haiwezi kwisha MILELE, na ndiyo adhabu yenyewe. Jukwaani hakuna mchanga wala toroli. Kuna migongo miwili. Na inaendelea muda mrefu kuliko unavyotaka, mpaka unaacha kusifia uigizaji unaanza kuomba waachwe wapumzike.

Kumbuka wakati ule sheria ya magereza ilikuwa inazuia kutangaza mambo ya ndani ya jela. Ndiyo maana mwanzoni igizo lilitumia jina jingine, Die Hodoshe Span, lisilotaja kisiwa. Sasa fikiria, kitu kisichoruhusiwa kuandikwa kinaweza kuoneshwa na mgongo uliopinda. Askari akiingia kupekua atakamata nini? Mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa kwa pamoja tuzo ya Tony kule Marekani, kwa igizo hili na lile la Sizwe Banzi Is Dead.

Ndani ya igizo wafungwa hao wanaandaa onyesho la Antigone, ile hadithi ya Wagiriki ya msichana anayemzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme. Hilo nalo lina mizizi ya kweli: wafungwa wa Robben waliwahi kuigiza Antigone gerezani, na Nelson Mandela alicheza mfalme Creon. Watu hawana kitu, wanatazamwa na walinzi, na bado wanaigiza.

Jirani zetu Kenya wana somo lao pia. Mwaka 1977 pale Kamiriithu wanakijiji walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Serikali ikafuta kibali mwaka ule ule, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Jukwaa la mbao linabomoleka. Wale waliobeba mchanga usiokuwepo walikuwa hawana cha kubomolewa.

NA KWETU JE?

Msije mkadhani nimekuja kuwahubiria mambo ya Paris. Bibi yangu alikuwa anatusimulia hadithi jioni na hakuwa na maleba. Akiwa fisi, shingo inaingia mabegani. Akiwa sungura, vidole viwili na jicho moja. Tukijibu "hadithi njoo" tulikuwa tunatia saini mkataba ule ule: wewe sema, sisi tutaona. Ngoma zetu nazo zina wachezaji wanaowinda, wanaolima, wanaotwanga, na hakuna mchi wala jembe.

Hata tamthilia zetu kubwa zinaomba mambo haya haya. Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Kinjeketile anavutwa na nguvu isiyoonekana, anaingia mtoni Rufiji, watu wanamsubiri, anatoka akiwa mkavu. Wewe mwongozaji utaleta mto ukumbini? Utaleta mwili unaovutwa. Mtazamaji akiamini ule mvuto, maji atayaleta mwenyewe.

TULIVYOJARIBU NA KUAIBIKA

Basi baada ya wageni wale kuondoka nikameza kiburi. Nikamfuata yule mwenzangu nikamwambia dada yangu nisamehe, tuigize bila nguzo. Akanitazama, akasema, "Ulikuwa unasubiri uambiwe na wanaume wawili?" Nikanyamaza. Alikuwa na haki.

Zoezi la kwanza tuliwaita wa mwaka wa kwanza waje kuona. Wasichana sita tukainama, tukashika, tukainua. Kicheko! Kijana mmoja akasema, "Jamani hiyo nguzo ina uzito wa mkate." Ni kweli. Mmoja kaishika usawa wa kiuno, mwingine kifuani, mimi nyuma nimeishika kama sinia la maandazi. Tulikuwa na nguzo sita tofauti na zote za boksi.

Jumamosi tukaenda kwenye yadi ya mbao, tukaomba kukaa tu. Lori likaja na magogo. Wapakuaji wanne wakaanza kazi, na sisi tukaanza kuandika. Niliyoyaona: hawatazamani usoni, wanasikilizana pumzi. Kabla ya kuinua kuna ukimya mfupi. Wanainua kwa magoti, na uso hukunjwa baadaye, sio mwanzo. Wa mbele ndiye anayeona njia, kwa hiyo wa nyuma anatembea kwa imani. Na kitu nilichokuwa sikijui kabisa ni kwamba sehemu ngumu ni kushusha. Hapo ndipo mmoja anapiga kelele "taratibu kichwa!" na miguu yote inatafuta pa kukaa.

Mmoja wao alitucheka, akatuuliza tunaandika nini. Tulipomwambia tunajifunza kubeba, akasema sasa si mbebe? Akatuonesha gogo bovu pembeni, tuchukue bure. Tukalibeba wasichana sita hadi chuoni, tukisimama kila nguzo ya umeme. Wiki nzima kila jioni tulilibeba kuzunguka uwanja mpaka mabega yakavimba. Siku ya nane tukaliacha chini, tukainama pembeni yake, tukashika hewa, tukainua. Miguu ilikumbuka yenyewe. Hakuna aliyecheka.

ANGALIZO KWA WAKUBWA

Hapa nataka nieleweke vizuri maana najua kuna mtu atasoma hadi hapa aseme: kumbe hata hela hawahitaji! Hapana ndugu yangu. Jukwaa tupu ni uamuzi wa msanii. Likiwa tupu kwa sababu fungu limeliwa au limesahaulika, hiyo ni habari nyingine. Wale wa Woza Albert! walihitaji ukumbi, muda wa mazoezi na mtu wa kuwaongoza. Sisi tulihitaji sakafu isiyotutoboa miguu, maji ya kunywa, na taa ya kutoshea kuonana. Mwili nao ni kifaa, unachoka na unaumia. Mwenzetu mmoja aliteguka kifundo cha mguu kwenye saruji na nauli ya kwenda hospitali tulichanga wenyewe. Kwa hiyo barua yetu ya tatu tuliiandika hata hivyo. Safari hii hatukuomba nguzo, tuliomba mikeka ya mazoezi. Bado tunasubiri jibu.

Na ukweli mwingine mchungu ni wa kwangu mimi. Ile nguzo ya fundi ilikuwa maficho yangu. Kama tungeipata siku ya kwanza, tungeisimamisha katikati, tukaizunguka tukisema maneno tuliyokariri, tukashuka. Watu wangeisifu nguzo.

SIKU YENYEWE

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa nusu. Mama alikuja, kakaa mstari wa pili na mkoba wake mapajani. Mbele yake alikaa bibi mmoja ambaye simjui, nadhani alikuja na mjukuu.

Sitawachosha na mengi. Tulifika pale nguzo inapokaribia kusimama, halafu maneno yanazuka kati ya wanawake, mikono inalegea mmoja mmoja, nguzo inaanza kulala upande wa watazamaji. Tulikuwa tumeifanyia mazoezi mara nyingi sana: ukimya, pumzi, magoti, wa mbele anapoteza njia. Ikaanguka. Na yule bibi wa mstari wa mbele AKARUDISHA MIGUU. Haraka, kama mtu anayeogopa kupondwa vidole. Kisha akajitazama miguu, akacheka peke yake. Mimi nilimwona, na nilikuwa karibu nisahau maneno yangu.

Tulipata alama nzuri. Lakini niliyekuwa namsubiri ni mama. Tukatembea naye hadi kituoni, haongei. Tukapanda daladala, haongei. Tumeshavuka vituo vitatu ndipo akasema:

"Ile nguzo ilikuwa nzito."

Nikasema eeh mama.

"Ila wewe wa nyuma ulikuwa unategea. Begani haikukukaa. Wenzio walikuwa wanabeba."

Wadau, nilitaka kubisha. Nikakumbuka mama yangu amebeba maji kichwani miaka mingi kabla bomba halijafika mtaani kwetu. Huwezi kumdanganya mtu huyo kuhusu mzigo. Na kweli, siku ile bega lilikuwa linaniuma kwa mazoezi, nikawa nimeliachia kidogo nikidhani hakuna atakayejua, maana nguzo yenyewe haipo.

Basi hilo ndilo jibu la swali lake la siku ile ya wageni. Nasomea kubeba vitu visivyokuwepo bila kutegea, mbele ya watu ambao wamebeba vya kweli. Bado sijahitimu.

Nawasilisha. Wenye maoni karibuni hapo chini, na wale mnaosema sanaa haina kazi njooni tu na ninyi tubishane, ila kwanza simama hapo ulipo, inua ndoo ya maji isiyokuwepo, itue, halafu muulize wa kompyuta ya jirani kama ameona ilikuwa imejaa. Msinitukane lakini.